Kadi ya Dhahabu Ninayo Bado, Ila Ndege Yao Sipandi Tena

Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa mteja wa shirika moja la ndege, na nilikuwa mteja wa kweli. Nina duka la nguo za kina mama na watoto Kariakoo. Mzigo wangu unatoka Dubai na Guangzhou, na kila nilipotaka kusafiri niliuliza kwanza shirika lile lina nafasi lini, ndipo nikapanga mengine. Nauli yao ikizidi ya wenzao kwa dola 80 au 100 nililipa bila kunung'unika. Wanawake wenzangu wa biashara hii, ambao tuna kikoba na mara nyingi tunasafiri pamoja, niliwavuta huko mmoja mmoja. Jina la shirika silitaji, kwa sababu tangu nianze kuyasimulia haya nimesikia yaleyale kutoka kwa watu wanaopanda ndege za mashirika mengine kabisa.

Nayaandika kwa sababu naona wenye mashirika wanaamini mteja wa zamani akiondoka amefuata nauli ya chini. Mimi sikufuata nauli. Nililipa zaidi kwa miaka, na ningeendelea kulipa.

Aliyenifunga kwao alikuwa mtu mmoja, meneja wa kituo chao cha Dar es Salaam. Usiku mmoja, enzi hizo bado tunatumia Jengo la 2 pale Uwanja wa Julius Nyerere, ndege yetu ilipata hitilafu tukiwa tumeshakabidhi mizigo na kugongewa pasipoti. Watu wakaanza kupandisha sauti. Yule meneja akatoka ofisini, akasimama katikati yetu na koti lake mkononi, akasema: "Ndugu zangu, ndege haiondoki usiku huu. Kifaa kinachotakiwa hapa Dar hakipo, kitaletwa na ndege ya kesho mchana. Nikiwaambia msubiri saa mbili nitakuwa nawadanganya." Kisha akauliza nani anawahi mazishi, nani anakwenda hospitali, nani viza yake inakaribia kuisha. Waliojitokeza aliwahamishia kwenye ndege za mashirika mengine usiku uleule, kwa mkono wake, bila kupiga simu kwa mtu yeyote kuomba ruhusa. Sisi wengine tulipelekwa hoteli, tukala, tukapewa simu tuzungumze na watu wetu. Mimi aliniuliza, "Dada, wewe mzigo wako unaufuata wapi? Kuna mtu wa kumwarifu huko?" Nikampa namba ya wakala wangu wa Deira, Dubai, na nilipofika kesho yake usiku nikakuta wakala anazo habari zote.

Nilipoteza siku nzima ya soko. Lakini kuanzia usiku ule sikuangalia tena shirika jingine.

Miaka baadaye nilisoma habari za Msweden mmoja, Jan Carlzon, aliyekabidhiwa shirika la SAS la nchi za Skandinavia mwaka 1981 likiwa kwenye hasara. Alipiga hesabu ambayo mtu yeyote wa duka ataielewa. SAS lilikuwa na abiria kama milioni 10 kwa mwaka. Kila abiria alikutana na wafanyakazi kama watano, na kila mara kwa sekunde kama 15. Kwa abiria, alisema, shirika ni sekunde hizo. Majengo na ndege zenyewe vinakuja nyuma. Kwa hiyo akawapa watu wa kaunta, wahudumu wa ndani ya ndege na wapakiaji mizigo madaraka ya kuamua palepale, bila kupandisha suala ngazi kwa ngazi huku abiria anasubiri. Haikuchukua muda SAS likarudi kwenye faida. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona yule meneja wetu na koti lake. Yeye alikuwa na madaraka hayo. Alikuwa na fungu la fedha la kutumia, na alikuwa anajua kwamba asubuhi hakuna atakayemuuliza kwa nini amelipia vyumba vya hoteli.

Huduma haikuporomoka kwa siku moja. Ilianza na kilo. Zamani tulipewa vipande viwili vya kilo 23, kisha kwenye tiketi za bei ya chini kikabaki kimoja, kisha zikaja tiketi ambazo begi la kukabidhi hulipiwa kabisa. Hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2008, mwaka ambao pipa la mafuta lilipita dola 140, American Airlines ilianza kuwatoza abiria wa Marekani dola 15 kwa begi la kwanza, na mashirika mengine makubwa yakafuata moja baada ya jingine. Southwest, shirika jingine la Marekani lililojijengea jina kwa kubeba mabegi mawili bure, lilishikilia msimamo huo miaka mingi, nalo likauacha tarehe 28 Mei 2025. Kwetu baada ya kilo kikaja kiti: ukitaka kuchagua unapokaa, unalipia. Chakula kikapungua, blanketi likapotea, chai ikawa mara moja kwa safari nzima.

Hayo yote niliyasamehe, na nasema hivi kwa moyo wangu wote. Mimi ni mfanyabiashara, najua maana ya gharama kupanda. Kwa hesabu za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, mwaka 2025 faida halisi kwa kila abiria duniani ilikadiriwa kuwa dola 7 hivi, na kwa mashirika ya Afrika ni kama dola 1 na senti kidogo. Dola moja kwa abiria! Mimi kwenye gauni la mtoto napata zaidi ya hiyo. Mtu anayeuza kwa faida hiyo akipunguza sukari kwenye chai, siwezi kumchukia.

Nililoshindwa kusamehe ni jinsi walivyowaondoa watu. Kwanza ofisi yao ya mjini ilifungwa. Ilikuwa na akina dada wawili waliotujua kwa majina, na ukibadilisha tarehe ya safari walikuambia hadi ni siku gani ndege haijai. Kisha yule meneja akastaafu, na nafasi yake haikujazwa. Tukaambiwa Dar sasa inasimamiwa na ofisi ya kanda iliyo nchi nyingine. Watu wa kaunta wakawa waajiriwa wa kampuni ya huduma za viwanjani, ambao asubuhi wanahudumia shirika hili, mchana lile, jioni la tatu. Vijana wazuri, wenye adabu, lakini sare wanayovaa si ya shirika unalolipa. Halafu ikaja corona mwaka 2020, ndege zikalala chini, mashirika duniani kote yakapunguza wafanyakazi, na walipoanza kuruka tena sehemu kubwa ya watu wenye uzoefu haikurudi. Namba ya simu ya Dar ikafa. Ikabaki namba ya nje, ambayo ukiipiga dakika za simu zinakwisha ukisikiliza muziki, na kwenye programu ya simu kukawa na kisanduku cha mazungumzo kinachojibiwa na mashine.

Wakati huohuo uwanja wenyewe ulikuwa unapendeza. Jengo la 3 lilizinduliwa Agosti 2019, pana, safi, lenye uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, na nililifurahia kama Mtanzania mwingine yeyote. Ndani ya ukumbi ule mzuri ndimo siku moja nilipozunguka nikimtafuta mtu mmoja tu wa shirika langu wa kuzungumza naye, nikamkosa.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Kwa asiyejua biashara ya nguo, siku hizo ndizo zinazolipa kodi ya duka. Nguo za watoto za Idi zinauzwa wiki mbili kabla ya sikukuu, na usiku wa kuamkia Idi Kariakoo hailali. Nilikuwa nimekwenda kufuata mzigo wa mwisho, magauni ya wasichana na kanzu za wavulana, mabegi yaliyolipiwa kilo za ziada mpaka senti ya mwisho. Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka. Kwenye uwanja wa kubadilishia tulikimbizwa kama watu wanaofukuzwa, tukapanda, tukafika Dar. Mkanda wa mizigo ukazunguka hadi ukasimamishwa. Mabegi yangu hayakuwemo.

Kwenye dawati la mizigo alikuwepo binti mmoja wa ile kampuni ya viwanjani. Alinipokea vizuri, akanijazia fomu, akaingiza namba za lebo zangu kwenye mfumo. Mashirika mengi ya ndege duniani hutumia mfumo mmoja wa kutafutia mizigo iliyopotea, unaitwa WorldTracer, na tangu Juni 2018 kuna azimio la IATA, namba 753, linalotaka begi lifuatiliwe linapopokelewa, linapopakiwa, linapohamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine na linaporudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo haikuchukua muda.

"Mama, mabegi yako nayaona. Yalibaki kule mlikobadilishia ndege."

"Yote?"

"Yote, Mama. Hayakuwahi kupakiwa."

"Basi mwanangu, wapigie wayaweke kwenye ndege ya kesho. Hizi ni nguo za sikukuu."

Akatazama chini. "Mama, mimi sina wa kumpigia. Natuma ujumbe kwenye mfumo, wao wakisoma wataleta. Sina hata namba yao."

Nilimwonea huruma kuliko nilivyojihurumia mwenyewe. Alikuwa anajua mabegi yalipo, anajua kwa nini nayahitaji, na alikuwa anataka kunisaidia, lilionekana usoni. Lakini hakuna aliyempa uwezo wa kufanya lolote zaidi ya kuandika na kusubiri, kama mimi. Yule meneja wa zamani hakuwa na mfumo wa kumwonyesha begi lilipo, ila alikuwa na simu na watu waliopokea simu yake. Sasa ujuzi upo na mtu wa kuutumia hayupo. Nilipiga ile namba ya nje usiku kucha. Nikaandika kwenye programu, na mashine ikanijibu kwamba ujumbe wangu umepokelewa na unathaminiwa. Nikaenda uwanjani kila siku. Mabegi yalifika baada ya Idi.

Gauni la Idi baada ya Idi unaliuza kwa bei uliyonunulia ukibahatika. La sivyo unaliweka ndani mpaka mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata mitindo imebadilika. Wateja wangu niliowaahidi mzigo mpya walinunua kwa jirani. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Nilipoandika malalamiko, jibu la kwanza lilikuwa pointi: waliniongezea pointi kwenye kadi yangu ya msafiri wa mara kwa mara. Mpwa wangu anayesomea sheria ndiye aliyeniambia nisiishie hapo, na aliyonifundisha nataka kila mfanyabiashara ayajue. Kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu haki za abiria na mizigo kwenye safari za ndege za kimataifa, na Tanzania, Kenya na Falme za Kiarabu zote zimo. Begi likiharibika, peleka malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 bila kufika, una haki ya kudai kama lililopotea. Fidia ina kikomo, nacho tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, fedha ya hesabu ya IMF, takriban dola 2,000. Ukiwa na mali ya thamani zaidi, mkataba unakuruhusu kutangaza thamani yake wakati wa kukabidhi begi na kulipia nyongeza. Kwenye kaunta hakuna atakayekukumbusha. Usitoke uwanjani bila fomu yenye namba. Risiti zote zitunze, hata ya teksi. Na shirika likikaa kimya, Tanzania kuna TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Wenye ndugu Ulaya wawaambie pia kuhusu kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004: ndege inayoondokea nchi za Umoja huo, hata ikiwa ya shirika la Afrika au la Uarabuni, ikifika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, abiria wa safari ndefu anaweza kudai hadi euro 600.

Nilipowaandikia tena nikitaja mkataba na vifungu vyake, sauti yao ilibadilika, na mwishowe walilipa sehemu ya nilichodai. Fedha nilizipokea. Msimu haukurudi.

Hizo pointi nazo zina habari yake. Kadi yangu ni ya dhahabu, na wakati fulani nilijivunia. Mpango wa namna hii ulipata umaarufu mwaka 1981, American Airlines ilipoanzisha AAdvantage: unaruka umbali fulani, unahesabiwa maili, zikitosha unapata tiketi. Ilikuwa shukrani kwa anayesafiri mara kwa mara. Mwaka 2015 Delta na United, nazo za Marekani, zikaanza kuhesabu fedha ulizotumia badala ya umbali ulioruka, American ikafuata mwaka uliofuata, na mashirika mengi yakaiga. Corona ilipobana mwaka 2020, United ilikopa dola bilioni 6.8 na Delta bilioni 9, dhamana ikiwa mipango yao ya pointi. Mipango hiyo ina thamani kiasi hicho kwa sababu pointi huuzwa kwa mabenki, na mabenki huwapa wenye kadi za mkopo. Nilipolielewa hilo ndipo nilipojua kwa nini mimi, niliyeketi kwenye viti vyao miaka yote, nilikuwa sionekani. Siku moja, bila taarifa, pointi za kwenda Dubai zilipanda karibu mara mbili kwenye programu yangu. Zile walizonipa kwa ajili ya Idi yangu zikawa hazitoshi hata kwenda Nairobi.

Septemba 2023 Delta ilitangaza masharti mapya magumu kwa wanachama wake, na wateja wakapiga kelele mpaka mkuu wa shirika, Ed Bastian, akakiri kwamba wamevuka mpaka, na mwezi uliofuata wakalegeza. Wale walikuwa na bahati ya kusikika. Sisi wa huku huwa hatupigi kelele. Mimi sikuandika popote kwamba nimehama. Safari iliyofuata nilinunua tiketi kwingine, na wenzangu wa kikoba waliponiuliza tunapanda ndege gani, nikawaambia. Tuliondoka wote, wanawake wa safari kadhaa kwa mwaka kila mmoja, na nina hakika kule ofisi ya kanda hakuna anayejua hata leo kwamba tuliondoka, wala sababu. Kwenye takwimu zao huenda tunaonekana kama abiria waliofuata nauli ya chini, kwa kuwa tiketi tuliyonunua baada ya pale ilikuwa kweli ya bei ya chini. Mtu akishaona kwamba kulipa zaidi hakumnunulii chochote, kwa nini alipe?

Hilo nimelitafakari sana, kwa sababu dukani kwangu pia nina wateja wanaolipa kidogo zaidi ya kwa jirani. Wanakuja kwa sababu gauni likichanika mshono siku ya pili, msichana wangu wa dukani analibadilisha bila kunipigia simu. Nilimwambia siku ya kwanza ya kazi: mpaka kiasi hiki, amua mwenyewe. Amewahi kudanganywa na wateja wawili watatu, na hasara yao ni ndogo kuliko mapato ya mwezi mmoja ya wale wanaorudi. Shirika la ndege lenye maelfu ya wafanyakazi linaweza kufanya hesabu hiyo vizuri kuliko mimi. Fungu dogo la fedha kwa kila kituo, na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kulitumia, ingekuwa gharama kubwa kuliko kupoteza kikundi kizima cha wanawake wanaojaza viti na kulipia kilo za ziada?

Sasa mzigo mkubwa nautuma kwa wakala wa kago, wa haraka kwa ndege na mwingine kwa meli, na mimi nasafiri na begi la mkononi. Tiketi nanunua baada ya kuuliza swali moja: hapa Dar nani anasimamia kituo chenu, na namba yake ni ipi? Mashirika mengi hunielekeza kwenye tovuti. Moja lilinipa namba, na aliyepokea alikuwa meneja mwenyewe, mama wa makamo kama mimi. Safari yetu ya mwisho ya Guangzhou, tulipokuwa tunakwenda Maonyesho ya Canton ya Oktoba, alituandikia mapema asubuhi kwamba ndege itachelewa, kwa nini, na tutoke nyumbani saa ngapi ili tusikae uwanjani bure. Mmoja wetu alikuwa na miadi ya kiwandani isiyoweza kusogezwa. Alimpandisha ndege ya shirika jingine, na hakumtoza chochote.

Huko ndiko tunakosafiri sasa, na wenzangu wameanza kusema "ndege yetu" kama tulivyokuwa tukisema zamani kwa ile nyingine. Mimi bado sijasema hivyo. Ninayemwamini ni yule mama. Akihamishwa, kabla sijanunua tiketi nitauliza aliyekuja nafasi yake amepewa uwezo wa kuamua mpaka kiasi gani.